Nani kachukua nondo ya kengele?

Kesi ya kubuni, chaki, limao na masizi ya kibatari vinatosha kuwafundisha watoto wa Zagayu sayansi ya uchunguzi wa jinai. Usukumani, somo hilo lina deni la kulipa.

Ng'ombe watatu wakikosekana zizini alfajiri, Msukuma hakai akashika tama. Anapiga mwano, ule ukunga wa kuitana wakati wa shari, na kabla jua halijapata nguvu vijana wameshainama mlangoni pa zizi wakisoma ardhi. Zimetoka kwato ngapi? Zilikuwa zinatembea au zinakimbizwa? Aliyeswaga alivaa katambuga au yeboyebo? Umande ulianguka kabla ya alama au baada yake? Kutoka hapo msafara unafuata nyayo, na zikiingia kijiji cha wenyewe, kijiji hicho kinatakiwa kionyeshe zilikotokea upande wa pili, la sivyo kijibu chenyewe. Sungusungu, walioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo, walijijengea jina kwa kazi ya namna hiyo. Kwenye msafara ule hakuna anayesikilizwa akisema "nahisi" au "nimeota". Nyayo zipo au hazipo.

Sasa tuseme kaya hiyohiyo imefiwa na mtoto, ameugua jioni na asubuhi hayupo. Katika baadhi ya familia, safari inayofuata ni ya kwa mpiga ramli. Kuku anapasuliwa, matumbo yanasomwa, na jina linatajwa. Mara nyingi ni la bibi kikongwe anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu. Hapo hakuna anayeuliza nyayo ziko wapi. Simeon Mesaki, mwanazuoni aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, ameandika kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea Usukumani.

Kwa hiyo akili ya kudai ushahidi tunayo, tena tumeirithi. Tatizo ni kwamba tumeifunga zizini pamoja na ng'ombe. Makala haya yanapendekeza mahali pa kuifungulia, nako ni darasa la tano, kipindi cha sayansi, katika shule yoyote ya msingi ya kata ya Zagayu.

Watuhumiwa wa karatasi

Zagayu ni kata ya wilaya ya Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi mkoa wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012. Ni nchi ya pamba, mtama, choroko na dengu, na ya michembe inayoanikwa juu ya mawe baada ya mavuno ya viazi. Maabara ya shule ya msingi si kitu cha kutarajia hapa. Lakini somo ninalolieleza halihitaji maabara. Linahitaji fumbo.

Kufundisha sayansi kwa fumbo la kubuni si jambo jipya duniani. Kituo cha Lawrence Hall of Science cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa miongozo ya walimu ya aina hiyo miongo mitatu iliyopita. Kwa watoto wadogo, kesi yao maarufu ilihusu mwanasesere wa dubu aliyeazimwa bila ruhusa. Watoto walipita kituo kwa kituo, hapa alama za vidole, pale unga usiojulikana, kule wino, kisha wakakaa kubishana. Dubu wa kuchezea hana habari Zagayu. Tutafute chetu.

Tuseme ni Jumatatu. Kengele ya shule ni ringi chakavu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na hugongwa kwa kipande cha nondo. Asubuhi hiyo haikulia, kwa sababu nondo haipo. Kwenye dirisha la ofisi kuna vumbi jeupe. Chini ya mti kuna alama ya kiatu na tope jeusi. Ukutani kimebandikwa kikaratasi kilichoandikwa kwa maka pen nyeusi: "Nitairudisha." Penye msumari zimenasa nyuzi nyeupe.

Watuhumiwa watano wako kwenye kadi ambazo mwalimu amezichora mwenyewe. Mpishi wa Uji ana sembe mikononi na kandambili miguuni. Fundi Baiskeli amevaa katambuga. Karani wa Pamba naye amevaa katambuga, huandika namba za magunia kwa maka pen na kuyawekea alama kwa chaki. Muuza Magadi anatoka gulioni. Bibi Karanga huuza karanga za chumvi nje ya geti, na chini ya kadi yake kuna mstari mmoja wa ziada: "Watu wanasema ni yeye. Alionekana alfajiri. Macho yake ni mekundu."

Hapa pana kanuni mbili ambazo mwalimu hapaswi kuzivunja. Ya kwanza, hakuna mwanafunzi wa kweli wala mkazi wa kweli atakayewekwa kwenye kadi. Mtoto akiitwa mwizi kwa mchezo Jumatatu, Ijumaa jina limeshamganda. Ya pili, hakuna damu na hakuna maiti. Watoto wa huku wamesikia habari za mauaji kuliko inavyostahili umri wao. Nondo iliyopotea inatosha.

Maabara ya chaki na limao

Kituo cha kwanza ni vumbi la dirishani. Linaweza kuwa sembe, chaki, chumvi au magadi, na kwa macho vyote vinne ni vyeupe. Mwanafunzi anapewa visoda vinne vyenye vitu vinavyojulikana na kimoja chenye vumbi la kesi, kisha vitu vitatu vya kupimia, yaani maji, limao na iodini ya sanduku la huduma ya kwanza.

Tone la iodini likigusa sembe, rangi yake ya kahawia hugeuka bluu iliyokoza hadi nyeusi, kwa sababu ya wanga. Vumbi la dirishani halibadiliki, basi Mpishi wa Uji anaanza kupumua. Maji yanayeyusha chumvi na magadi, lakini vumbi la kesi linabaki limekaa chini ya kisoda. Muuza Magadi naye anapumua. Limao likidondoshewa magadi, povu linachemka na darasa zima linapiga kelele, na kelele hizo mwalimu aziache.

Kwenye chaki kuna mtego mzuri. Vitabu vingi husema chaki hutoa povu ikikutana na tindikali. Ni kweli kwa chaki ya chokaa. Lakini chaki nyingi za ubaoni siku hizi hutengenezwa kwa jasi, na jasi haitoi povu. Mkoa wa Simiyu unalijua hilo kwa karibu, maana Maswa pana kiwanda cha chaki kilichoanzishwa na vijana katika miaka ya 2010. Mwalimu ajaribu chaki yake usiku wa kuamkia somo. Isipotoa povu asiifiche aibu hiyo, awaonyeshe watoto. Kitabu kimesema hivi, kisoda kimesema vile. Tumwamini nani? Sayansi yote imo ndani ya swali hilo, na mtoto wa miaka kumi analielewa.

Chaki hiyohiyo ndiyo chombo cha kituo cha pili. Weka nukta ya maka pen nyeusi ya wino wa maji kwenye kipande cha chaki, upana wa kidole kimoja kutoka chini. Kisimamishe kwenye kifuniko chenye maji kidogo, nukta isiguse maji. Subiri dakika chache. Maji yanapanda ndani ya chaki kama mafuta yanavyopanda utambi wa kibatari, na yakipita kwenye nukta yanaubeba wino. Hapo weusi unavunjika. Rangi moja inakwenda mbali, nyingine inabaki nyuma, kwa kuwa wino mweusi mara nyingi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na kila kiwanda kina mchanganyiko wake. Mwalimu aliyejiandaa na maka pen tatu za viwanda tofauti atapata chaki tatu zenye mistari tofauti, na moja itafanana na ya kikaratasi. Kalamu ya kawaida ya Bic haitasogea kwenye maji, maana wino wake ni wa mafuta na unahitaji spiriti.

Nyuzi za msumarini atazishughulikia mwalimu mwenyewe kwa kiberiti, watoto wakiwa mbali kidogo. Uzi wa plastiki hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Katika mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, mtoto ataitambua harufu hiyo kabla mwalimu hajamaliza kuuliza.

Tope jeusi ndilo litakalowafurahisha wazee. Msukuma ana majina ya udongo kuliko kitabu cha jiografia: luseni ni ule wa kichanga wa mteremkoni, ibambasi ni mgumu unaokataa jembe, mbuga ni ule mweusi wa bondeni unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alieleza mpangilio wa namna hii wa Afrika Mashariki mwaka 1935 na kuuita mnyororo, kwamba ukijua uko wapi mlimani utajua unakanyaga udongo gani. Mpelelezi hugeuza sentensi hiyo: ukiuona udongo kwenye kiatu, utajua mtu alikanyaga wapi. Shule iko kwenye luseni. Tope la chini ya mti ni la mbuga. Nani katika watano wetu alitoka bondeni?

Alama ya mguu

Kabla ya kugusa alama ya kesi, watoto wapime miguu yao. Mguu wa binadamu huwa karibu sehemu 15 kati ya 100 za urefu wake. Gawanya urefu wa wayo kwa 15, zidisha kwa 100. Mwenye wayo wa sentimita 21 atakuwa na kimo cha kama sentimita 140. Wajipime ukutani waone nani kanuni imempata na nani imemkosa. Itawakosa wachache, kwa sentimita kadhaa, na ni vizuri iwakose, maana wataandika "takriban" kwenye daftari bila kulazimishwa.

Kisha waende chini ya mti. Watakuta mistari ya tairi, na atakuwepo atakayesema bodaboda ilipita hapa. Mwalimu amwachie mwenzake amjibu. Katambuga hukatwa kwenye tairi kuukuu, kwa hiyo mvaaji huacha alama ya gari kwa mwendo wa mtu. Mstari ni wa tairi, nafasi kati ya alama ni ya hatua. Mtoto aliyefuga anayajua haya, ila hajawahi kuambiwa kwamba anachokijua kinaitwa sayansi.

Mwalimu anaweza kusimama hapo na kuwaelekeza mashariki. Ng'ambo ya Serengeti, eneo la Laetoli huko Ngorongoro, mwaka 1976 watafiti wa timu ya Mary Leakey walikuwa wakitaniana kwa kurushiana vinyesi vikavu vya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka, na alipokuwa chini akaona alama za wanyama zilizoganda kwenye majivu ya volkano. Mwaka 1978 zikapatikana nyayo za viumbe waliotembea wima kama sisi, za umri wa miaka milioni 3.66 hivi. Kwa kupima nyayo hizo, wanasayansi walikadiria vimo na mwendo wa watu ambao hakuna aliyewaona. Kanuni ni ileile ya watoto wa Zagayu na rula zao. Tena nyayo nyingine za hapohapo, zilizoonekana mwaka 1976 na kudhaniwa huenda ni za dubu, zilifukuliwa upya mwaka 2019, na mwaka 2021 watafiti wakatangaza kwamba hazikuwa za dubu, ni za jamii ya binadamu. Miaka zaidi ya 40 kauli ilisimama, kisha ikabadilishwa na kipimo.

Turudi chini ya mti. Alama ni ya katambuga. Fundi Baiskeli amevaa katambuga. Darasa litapiga kelele "Amepatikana!" na mwalimu atasubiri, mpaka sauti moja ya nyuma iseme: "Lakini mwalimu, hata Karani amevaa." Kama kungekuwa na ushahidi wa nyayo peke yake, fundi asiye na kosa angekuwa nusu ya safari kuelekea mahabusu.

Kidole cha jirani

Hakuna kituo kitakachokuwa na foleni kama cha vidole. Sugua penseli kwenye karatasi hadi ing'ae, bonyeza kidole hapo, kibandike kwenye selotepu, kisha bandika selotepu kwenye karatasi nyeupe. Mtoto anaona kitu alichozaliwa nacho na hajawahi kukitazama. Aina kuu ni tatu: kitanzi, kizingo na tao. Vitanzi ndivyo vingi zaidi, matao ni machache. Hata mapacha wanaofanana kama shilingi kwa ya pili hawana alama zilezile.

Wazazi wao wana historia na vidole hivi. Wapo waliotia dole gumba kwenye daftari la chama cha msingi kupokea fedha za pamba. Karibu wote wanakumbuka foleni za mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole. Mkulima ambaye jembe limemsaga ngozi alikuwa akibonyeza kile kimashine mara tano, kisikubali. Mtoto akiuliza kwa nini, somo la ngozi limeshaanza.

Kuna kisa kimoja ambacho walimu, kuliko wanafunzi, wanapaswa kukijua. Mwaka 1892 huko Necochea, Argentina, watoto wawili waliuawa nyumbani kwao. Mama yao akamtaja jirani. Jirani alikamatwa na kuteswa akiri, akakataa. Kisha polisi wakakuta dole la damu mlangoni, na kwa kutumia utaratibu uliobuniwa na ofisa aitwaye Juan Vucetich wakalilinganisha. Lilikuwa la mama. Hiyo huhesabiwa kuwa kesi ya kwanza ya mauaji kutatuliwa kwa alama za vidole, na jambo la kwanza ililofanya ni kumtoa kifungoni mtu aliyesingiziwa.

Vinasaba navyo vilianza hivyohivyo. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua mwaka 1984 namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba. Polisi walipomwendea kuhusu wasichana wawili waliouawa, tayari walikuwa na kijana wa miaka 17 aliyekiri mauaji mojawapo. Kipimo kilionyesha kwamba kijana yule hakuhusika na lolote kati ya hayo mawili. Muuaji halisi alihukumiwa mwaka 1988. Kwetu kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina ofisi Mwanza, na inasimamiwa na sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Mtaani jina la Mkemia Mkuu hutajwa zaidi kwenye ugomvi wa baba wa mtoto ni nani. Lakini kimsingi ni mlango ambao mtu asiye na hatia anaweza kuugonga.

Safu tatu ubaoni

Vifaa vyote nilivyovitaja vinaweza kukosekana na somo likabaki hai, alimradi ubao upo. Mwalimu auchore safu tatu: TUMEONA, TUMESIKIA, TUNADHANI. Kila sentensi inayotoka kinywani mwa mtoto lazima ipewe safu kabla haijaandikwa. "Vumbi halikubadilika kwa iodini" inakwenda ya kwanza. "Mwizi ni mrefu" inaanza ya kwanza, inajadiliwa, inahamishiwa ya tatu, kwa sababu tulichokiona ni urefu wa kiatu, na kiatu huzidi mguu. "Bibi Karanga alionekana alfajiri." Na nani? Kimya. Inakwenda ya pili.

Mahakama zetu nazo zimechora safu hizo. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: aliyeona aje mwenyewe aseme aliona, aliyesikia aseme alisikia kwa masikio yake. Vielelezo navyo vina adabu yao. Mahakama ya Rufani, katika rufaa namba 110 ya mwaka 2007, ilisisitiza kwamba ijulikane kwa maandishi nani alikikamata kielelezo, nani alikitunza na nani alikikabidhi kwa nani. Darasani hiyo ni bahasha ya kaki. Anayeipokea anaandika jina, tarehe na saa. Kundi likirudisha bahasha yenye nyuzi bila sahihi, mwalimu anaitupa kesini mbele ya wote. Watalalamika, lakini hawatasahau tena.

Atakayesema haya ni ya Wazungu arudi kwenye rafu ya riwaya za Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 kwa hadithi ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Shujaa wake, Bwana Msa, anakabiliana na mauaji ambayo watu wako tayari kuyakabidhi kwa mizimu, na kazi yake ni kuyarudisha kwa binadamu. Kabla Tanganyika haijapata uhuru, Mswahili alikwishaandika kwamba mzimu si jibu.

Wanaokosea ni wajuzi

Kuna hatari ya kumtoa mtoto kwa mganga na kumpeleka kwa mganga mwingine mwenye koti jeupe. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni jijini Madrid, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilihitimisha kwamba alama ya kidole iliyokutwa kwenye mfuko uliohusishwa na mabomu ilikuwa ya mwanasheria mmoja wa Oregon. Alishikiliwa kwa wiki mbili hivi. Wahispania walishakuwa na shaka, wakampata mwenye kidole, na FBI ikaomba radhi. Waliokosea walikuwa wataalamu wenye mashine na uzoefu.

Kwa hiyo siku ya hukumu, kila kundi lisimame lijibu maswali matatu: mnamtaja nani, kwa vielelezo vipi, na kitu gani kikipatikana kesho kitawafanya mbadili mawazo? Swali la tatu ndilo gumu, maana mpiga ramli hana jibu lake. Kwenye kesi yetu chaki, wino, pamba, tope la bondeni na katambuga vinakutana kwa mtu mmoja. Karani wa Pamba aliazima nondo alfajiri, kituo cha kununulia pamba cha bondeni kilipokosa chuma cha kuning'inizia mizani. Wizi haukuwepo. Palikuwa na haraka na kikaratasi kisicho na jina. Watoto watanung'unika kwamba mwizi hayupo. Mwalimu awakumbushe kwamba asubuhi walikuwa naye tayari, tena wawili.

Na mtihani je?

Mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya mia moja darasani ana haki ya kuuliza kama haya yatatoka kwenye mtihani. Simiyu ni mkoa uliojipatia sifa kwa kambi za kitaaluma, na matokeo ya darasa la saba ni jambo la heshima. Jibu ni kwamba yamo tayari, ila yametawanyika. Wanga na iodini, tindikali na magadi, kutenganisha mchanganyiko, ngozi, udongo, uwiano na vipimo: vyote vimo kwenye masomo ya shule ya msingi. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unazungumzia umahiri, yaani mtoto aweze kufanya, zaidi ya kukariri. Kesi ya nondo inachukua mada sita zisizojuana na kuzipa sababu ya kukaa chumba kimoja. Mia moja wakigawanywa vituo vitano, kila kituo kina ishirini, na ishirini wanaweza kuzunguka kisoda kimoja wakipokezana. Somo liendeshwe kwa Kiswahili, lugha ya shule zetu za msingi za serikali, na mtoto akitaka kusema luseni aseme luseni.

Gharama ni limao, selotepu, maka pen tatu na chupa ya iodini. Nondo ipo, mwalimu ameificha kabatini.

Macho mekundu

Ubao unapofutwa, safu ya kati bado ina mstari mmoja ambao hakuna kielelezo kilichowahi kuukaribia. Bibi Karanga. Macho yake ni mekundu.

Mwalimu asiufute. Aseme kwamba wekundu huu ni kielelezo kama vingine, na hatujakipima. Kazi ya nyumbani: jioni, kabla moto haujawashwa, mtazame machoni anayepika kwenu. Andika rangi. Andika anapikia nini, kuni, mabua ya mtama au kinyesi cha ng'ombe. Andika kama jiko lina dirisha. Mtazame tena akishapuliza moto na ugali umeiva. Andika rangi.

Watu wazima walikwishafanya hesabu hii. Mashirika yaliyojishughulisha na ulinzi wa wazee Usukumani, likiwemo MAPERECE la Magu, yaliingiza majiko sanifu kwenye kazi zao, kwa kuwa moshi wa miaka hamsini ndani ya kijumba kisicho na dirisha huyafanya macho kuwa mekundu, na wekundu huo ndio watu walioutafsiri kuwa uchawi. Serikali nayo imewahi kuwapiga marufuku wapiga ramli, ikiwemo mwaka 2015. Lakini marufuku hutoka juu, na ramli hupigwa usiku.

Jumanne asubuhi nondo imerudi, ringi inalia, madaftari yanafunguliwa. Mmoja ameandika: mama, kabla meupe, baada mekundu. Wa pili: dada, mekundu. Wa tatu amejiandika mwenyewe, kwa sababu kwao yeye ndiye mpishi, alijitazama kwenye kipande cha kioo. Mekundu. Mwalimu anayaandika yote safu ya kwanza, moja chini ya jingine, mpaka yanafika ukingo wa ubao. Anauliza Bibi Karanga tumhamishie wapi.

Aliye karibu na dirisha ananyoosha kidole. "Mwalimu, tumuulize kwanza anapikia nini."